Chai ya Anti Malkia

Juma lililopita nilipita mtaa wa West Indies, hapa Eldoret, nikakuta nyumba ya jirani yetu wa zamani imebomolewa, pale wanajenga ghorofa. Nilisimama getini, rafiki yangu, nikakumbuka mikebe ya maziwa ikigongana asubuhi.

Jirani huyo sisi watoto tulimwita Anti Malkia. Ujanani alishinda taji la urembo la taifa, kisha akafanya kazi miaka mingi katika balozi zetu ng'ambo. Aliporudi Eldoret, watu walidhani atafungua saluni. Yeye akanunua tangi la kupozea maziwa, akaanza kutengeneza maziwa lala, yale ya kugandishwa, nyuma ya nyumba. Tulimsaidia kuosha mikebe, naye akitupa kikombe kimoja kimoja cha maziwa hayo, mazito, baridi hadi meno yanauma.

Nyanya yangu alikuwa na shamba Burnt Forest, nje ya mji. Nyumba yake ilichomwa wakati wa vurugu za uchaguzi, na ng'ombe wake akapotea. Amani iliporudi alijenga upya, akanunua ng'ombe wengine. Anti alitaka kununua maziwa ya nyanya, pamoja na ya mama wa shamba la jirani, wa kabila lingine. Wawili hao hawakuwa wamesalimiana tangu siku ya moto.

"Maziwa yangu hayachanganywi na yake," nyanya aliapa.

Jumamosi moja Anti akawaalika wote wawili chai kwake, bila kumwambia yeyote kuwa mwenzake atakuja. Nilikuwa nimeketi kando ya nyanya. Yule mama alipoingia, nyanya akachukua mkoba wake aondoke.

"Mama, maliza chai kwanza," Anti akamwambia.

Nyanya akaketi tena. Anti hakuhubiri. Kikombe kikipungua, aliongeza. Kwenye kikombe cha tatu yule mama akasema, "Nilijua wanakuja kuchoma, na sikukuambia. Niliogopa. Nisamehe."

Nyanya aliweka kikombe chini. Kisha akauliza, "Na ng'ombe wangu mwekundu?"

"Yuko hai. Nilimficha kwa ndugu zangu, mbali, wasimchinje. Nimekuwa nikiogopa kukuletea. Amezaa mara mbili."

Nyanya akacheka huku machozi yakimtoka.

Jumatatu maziwa yao yalimwagwa kwenye tangi moja. Leo kazi ile ya Anti imekuwa kiwanda cha maziwa, kiko Burnt Forest kwenyewe, na akina mama wa pande zote ndio wanakiendesha. Nyanya alipofariki, yule mama alifika wa kwanza, akajifunga leso, akaanza kumenya viazi vya waombolezaji.

Nyumba ile ya Anti imekwenda, na nyanya amekwenda. Lakini niliwaona watu wazima wawili wakipatana mbele ya macho yangu, nikajua nikiwa bado mdogo kwamba inawezekana.