Kitambaa Chenye Tundu

Enzi zetu, ndugu zangu, hakuna kitu kilichokaa uchi sebuleni. Redio ilivalishwa kitambaa cha kufuma, chupa ya chai nayo kitambaa, makochi ndiyo usiseme. Pale kwetu Msamala tukirudi kucheza rede, miguu myekundu kwa vumbi, tulikaa sakafuni tusije tukachafua kazi ya mama. Na tulikaa kweli. Watoto wa leo wanapanda kochi na viatu, halafu wanakuomba nenosiri la intaneti kabla ya shikamoo.

Mama alipopunguzwa kazi ya kupiga chapa ofisini, kama walivyopunguzwa wengi miaka ile ya soko huria, hakulia mbele yetu. Alinunua kompyuta ndogo iliyokwisha kutumika, akaiweka sebuleni na kutangaza kwamba anachapa barua na kadi. Majirani walikuja kuiona kama wanaokuja kumjulia hali mgonjwa. Kazi yake ya kwanza kubwa ilikuwa kadi za harusi ya mwalimu mmoja mgeni kutoka Bukoba, na mama alijua wazi kwamba akiziharibu hizo, hakuna atakayemletea kazi nyingine.

Siku ya kuanza kuchapa, kompyuta ikazima, ikatoa harufu ya kuungua. Wote tukalaumu umeme, maana umeme wetu wa majenereta ulikuwa na kigeugeu chake. Mama, ambaye hakuwahi kuyapa kisogo magimbi na chai ya mchaichai, siku hiyo hakula. Alikaa anaitazama tu. Roho iliniuma, wallahi, ingawa sisi ni Wakatoliki.

Akaitwa fundi Rajabu, Myao wa kule Nalasi, fundi redio aliyekuwa na maneno mengi kuliko redio zake. Akamwamkia mama, akaigeuza kompyuta, akaanza kuvuta nyuzi nyeupe kutoka kwenye matundu ya nyuma. Kumbe mama alikuwa ameivalisha kitambaa kizuri kuliko vyote, mbele mpaka nyuma, na hakukivua hata ilipokuwa inafanya kazi.

"Mama," fundi akasema taratibu, "hiki kidude kinapumua. Wewe umekiziba pua."

Baba alitoka nje kwenda kuchekea huko. Kilichoungua mafundi walikiita pawa saplai, ndicho kinachogawa umeme ndani ya kompyuta. Rajabu akasema kile cha zamani kilikuwa dhaifu hata hivyo, akaagiza chenye nguvu zaidi kutoka Dar, kikaja na basi. Lo, kilikuwa kikubwa kuliko nafasi yake. Fundi akakigeuza huku na huku, wapi, kasha lilikuwa dogo mno. Mwishowe akakifunga juu ya kasha, nje kabisa, nyaya zikipita nyuma. Mama akagoma, akasema kitu hakiwezi kukaa utumbo nje mbele ya wageni. Rajabu akamwambia achague, utumbo nje au harusi bila kadi.

Akawasha. Feni ikavuma, kioo kikang'aa, na mama akapiga kigelegele mpaka jirani akaja kuuliza nani kajifungua. Kadi zilitoka, mwalimu akaoa, pilau tukaila. Baada ya hapo kazi zilikuja zenyewe, nyingine kutoka Hanga na Namtumbo.

Lakini kidude kukaa uchi, mama hakukubali. Alichukua kulabu yake na uzi, akafuma kitambaa kipya chenye tundu la duara katikati, sawasawa na feni ilipo.

"Kipumue," akasema, "lakini kwa heshima."

Siku hizi mwanangu ana kompyuta nyembamba kama sinia. Haivumi, haivai chochote, na ikiharibika inatupwa na nyingine inanunuliwa. Mama ametutoka. Kitambaa chake nimekitandika juu ya meza yangu ya sebuleni. Juzi mwanangu alikiangalia, akanionea huruma, akasema panya wamekitoboa, kwa nini nisikipeleke kikashonwe.

Nikamwambia akae chini. Lile tundu ndilo lililonisomesha.