Tende Katika Kipimo cha Babu

Ijumaa iliyopita nilikuwa Nizwa, sokoni, upande ule wa wauza majambia na bunduki kuukuu. Kijana mmoja ameweka bakuli la risasi za mapambo, hazina baruti ndani, anawauzia wageni wakaweke makabatini kwao. Nikachukua mbili, nikazisimamisha kiganjani. Moja imeizidi nyengine urefu. Mwenzangu, nikatazama huku na huku kama mwizi, mimi mtu mzima mwenye watoto watatu. Kijana akaniambia, "Mama, zote bei moja." Nikamrudishia zake, nikaondoka bila hata kumuaga. Sasa ngoja nikwambie kisa chake, maana nimekaa nacho miaka mingi na kimenichosha.

Nimekulia Ibra, katika nyumba ya udongo iliyopitiwa na falaji, mfereji wa maji ya mashamba, nyuma ya ukuta. Sisi ni watu waliorudi kutoka Unguja. Ndani tulisema Kiswahili, ukitoka mlangoni tu, Kiarabu. Babu yangu alikuwa fundi saa huko Unguja. Alipofika Ibra akakuta watu hawana haraka na saa, lakini kila mtaa una bunduki za kizee zinazopigwa shabaha siku ya Idi na kwenye harusi, na risasi zake hazipatikani tena madukani. Basi watu wakawa wanamletea maganda matupu, na yeye anayajaza upya. Mkono uliozoea magurudumu ya saa hauwezi kuharibu ganda la risasi, alikuwa akisema hivyo na kujisifu bila haya.

Chumba chake kilinuka shaba na ukwaju. Maganda aliyachemsha kwa maji ya ukwaju mpaka yang'are, na Bibi yangu akigombana naye kila wiki. "Ukwaju wa mchuzi wangu huo, bwana! Hivyo hao wenye bunduki hawana ukwaju kwao?" Babu anacheka, anachota tena.

Lakini kazi yenyewe ilikuwa urefu. Babu alikuwa na kipimo alichokichonga mwenyewe kwa tupa, kipande cha shaba chenye mwanya. Risasi iliyokwisha kutiwa kichwa inalazwa ndani ya ule mwanya. "Isicheze, isikwame," ndivyo alivyotufundisha, na sisi watoto tukaimba kama wimbo wa kuruka kamba. Ikikwama, ni ndefu, itagoma ndani ya bunduki na mpigaji aaibike mbele za watu. Ikicheza, ni fupi, na hapo Babu alikuwa hacheki kabisa. Kichwa kikizama sana kinaibana baruti, na bunduki ya kizee ikibanwa inaweza kumpasukia mtu usoni. Alimjua mtu wa Sinaw aliyebaki na jicho moja kwa ajili hiyo.

Macho yake mwenyewe yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Kwa hiyo mimi, wa miaka tisa, ndiye niliyekuwa macho yake. Yeye anashika chombo cha kushindilia, mimi nashika kipimo. "Ndefu," nasema. Anashindilia kidogo. "Bado." Kidogo tena. "Sawa." Wallahi nilijiona mkubwa kuliko mwalimu wangu wa skuli.

Mwaka huo ndio nilikuwa nafunga Ramadhani nzima kwa mara ya kwanza. Bibi alinitangaza soko la Jumatano, lile la wanawake, mpaka nikawa naona aibu kupita. "Mjukuu wangu hajala hata moja!" Akaniahidi pete ya dhahabu siku ya Idi. Zilikuwa zimebaki siku mbili. Joto la siku ile sitaki hata kulikumbuka, ulimi umekuwa kama gamba. Babu alikuwa anatengeneza risasi kumi za baba yangu, kwa sababu baba ndiye aliyechaguliwa kuupigia shabaha mtaa wetu katika mashindano ya Idi. Alasiri ikaadhiniwa, Babu akaenda msikitini. Mimi nikabaki na kipimo mkononi, na pembeni yangu sahani ya tende za futari, laini, zinatoa asali.

Nilikula moja. Moja tu, nakuapia. Nikasikia bakora ya Babu uchochoroni, nikajifuta vidole kwenye kanga ya Bibi, nikakamata kipimo, tukaanza kuzipima zile kumi.

Basi tangu hapo kila risasi ikawa ndefu. "Ndefu," nasema. Babu anashindilia. "Bado." Anashindilia. Akasimama akautazama mkono wake, akasema, "Leo mkono wangu una nini?" Mimi nikampa nyengine. Nilidhani ni hofu yangu tu inayonionesha zote ndefu. Zote kumi zikapita hivyo, zikatiwa kwenye mkanda wa baba.

Asubuhi ya Idi wanaume wameshasali, wamekwenda uwanjani chini ya mlima. Bibi yuko jikoni na bokoboko lake, nyumba nzima inanukia samli. Akanituma nikafagie chumba cha Babu, wageni wanakuja. Nikafagia, nikainua kipimo nikifute. Kimejaa sisimizi. Wamepanga mstari mpaka ndani ya mwanya, na mwisho wa mwanya pana kitu cheusi kimeganda. Nikakikwangua kwa ukucha. Tende.

Toba! Mwanya ulikuwa umepungua, na mimi nimemfanya Babu azishindilie risasi zote kumi kupita kiasi. Na baba atazipiga asubuhi ile, shavu lake limelala juu ya bunduki.

Ningependa kukwambia nilitoka mbio. Uongo. Nilisimama. Niliifikiria pete. Niliufikiria uso wa Bibi mbele ya wale wanawake wa soko. Kusema kwamba kipimo kilikuwa na tende ni kusema nimekula mchana wa Ramadhani, maana tende haikuingia mle yenyewe. Nikasikia bunduki ya kwanza ikilia uwanjani, mwangwi ukarudi kutoka mlimani. Hapo miguu ikatoka bila kuniuliza.

Ya pili ililia nikiwa kwenye falaji, kiatu kimoja kimechukuliwa na maji. Baba alikuwa wa tatu. Nikawapenya wanaume wote wale na majambia yao, nikaikamata kanzu ya Babu.

"Babu, kipimo kilikuwa na tende."

"Tende ya nani?"

"Yangu. Juzi, ulipokwenda kusali."

Alinitazama mdomoni, kana kwamba tende bado imo. Baba ameshaipakia bunduki, anainyanyua. Babu akapiga ukelele, "Usipige!", na ngoma zilikuwa zinalia, hakuna anayesikia. Basi mzee yule akatembea na bakora yake mpaka mbele ya mdomo wa bunduki, akasimama pale. Watu wakapiga kelele. Baba akaishusha bunduki, ametoka jasho.

"Sikupima sawa," Babu akasema, kwa Kiarabu, kwa sauti ya kusikiwa na wote. "Macho yangu yamekwisha. Kosa langu mimi."

Mtaa wa pili wakaangua kicheko. Mmoja akamwambia, "Mzee, rudi kwenye saa zako!" Baba akauvua mkanda akamtupia Babu, akarudi nyumbani peke yake bila kumngojea. Mtaa wetu haukupiga shabaha mwaka huo.

Nyumbani Babu akaniita chumbani, akafunga mlango. Akailaza risasi moja katika kipimo kisafi, akakitikisa karibu na sikio langu. "Sikiliza." Ikagonga huku, ikagonga kule. Zote kumi zilikuwa hivyo. Nikalia mpaka nikapata kwikwi. Akaniambia, "Utailipa siku yako. Na Bibi yako asijue, unanisikia? Baba yako vilevile."

Niliilipa. Bibi akadhani nafunga zile sita za sunna baada ya Idi, akazidi kunitangaza sokoni. Na pete nilipewa, nikaivaa.

Lakini hakuna aliyeleta ganda tena. Hata jirani yetu, aliyekuwa akija kila mwezi, akaanza kupita njia nyengine. Chumba cha Babu kikawa kimya, ukwaju wote ukaenda kwenye mchuzi, na Bibi, aliyeupigania miaka yote, hakuonekana kufurahi. Siku hizi nyumba ile imeanguka, falaji limefunikwa saruji, na wanaopiga shabaha wananunua risasi za boksi, zote sawasawa, hazihitaji mtoto wa kusema ndefu au bado. Nikipita Ibra mchana wa Idi nakuta magari tu.

Babu alipofariki, wanawake walijaa nyumbani kwetu siku tatu. Nilikuwa nimeshaolewa, mimi ndiye niliyezunguka na birika. Jirani yetu mmoja, bibi kizee, akapangusa machozi akasema, "Maskini, alikuwa fundi hasa, mpaka macho yalipomharibia jina." Wote wakaitikia, wakamrehemu. Bibi yangu alikuwa pale pale, anatikisa kichwa. Wakati wa kusema ulikuwa huo. Nikammiminia yule bibi kahawa, nikasogea kwa mwengine.