Jina la Saba

Katika albamu ya kwanza ya kundi lao la roki, Mutale Chishimba anauogopa wimbo mmoja tu, wa sita, alioutunga mwenyewe. Una majina saba ya wachimbaji walioingia shimoni Kambove miaka mitatu iliyopita, ardhi ikawafunika. Sita walifanyiwa kilio. Wa saba, Guelord, ni mdogo wake. Mwili wake haukuonekana na hakuna aliyesema alimwona akishuka. Mama yao, Mama Numbi, hadi leo anamwekea sahani.

Mutale ana miaka thelathini na minne. Mchana anachomelea milango ya chuma huko Ruashi, jioni anaimba.

Mwezi wa tano rekodi ya majaribio ilivuja, ikapita kutoka simu hadi simu. Majirani wakasikia Guelord akitajwa pamoja na marehemu, wakaamini mwili umepatikana. Asubuhi, wanawake kumi na wawili waliingia uani na mikeka yao, wakilia. Mama Numbi alitoka jikoni, mwiko wa kusongea bukari mkononi.

"Munamulilia nani?"

Mutale aliwaomba radhi, akawasindikiza hadi barabarani, kisha akamwambia mama yake kwamba ni makosa ya wimbo tu. Tangu siku hiyo hakulala vizuri.

Siku ya mwisho ya kurekodi, katika chumba kilichozibwa kwa magodoro, alirudia ubeti huo mara tisa. Kila alipomaliza jina la sita, la saba lilitoka kombo.

"We, mukubwa," Chanda, fundi wa sauti, alimwambia kutoka upande wa pili wa kioo, "leo unaimba sawa mbuzi ya sikukuu ya Noël imeona kisu. Ulikunywa nini?"

"Maji."

"Ya betri?"

Abigaël, mpiga ngoma, alicheka hadi kijiti kikamtoka mkononi. Mutale hakucheka. Kulikuwa na jambo ambalo hakumwambia mtu: asubuhi ya ajali Guelord alimpigia simu kutoka kwenye mdomo wa shimo. Mvua ilikuwa imenyesha na udongo ulikuwa ukimeguka. Mutale alimjibu aache uoga, ashuke.

Mara mlango ukasukumwa. Alikuwa Mama Numbi. Aliomba kusikia wimbo huo, wote. Chanda alimpa kiti, akamvika visikilizio na kumwekea ile rekodi ya majaribio. Mama alisikiliza hadi jina la mwisho, akavivua taratibu.

"Bale sita, bantu balibaona bakiingia. Huyu wangu, nani alikuambia aliingia?"

"Mama, ni wimbo tu…"

"Siulize wimbo. Niko nakuuliza weye."

Chanda alizima mashine. Mutale alitoka nyuma ya kioo, akasimama mbele ya mama yake.

"Alinipigia simu, mama. Alikuwa anaogopa. Nikamuambia ashuke."

Mama Numbi alifungua kitambaa cha kichwani, akajifunga kiunoni. Alishuka kwenye kiti, akakaa sakafuni na kunyoosha miguu, kama wanavyokaa wafiwa. Mutale alipiga magoti ili amshike. Mama akauzuia mkono wake.

"Acha kwanza nimulilie mutoto yangu," alisema bila kumtazama. "Ya kwako tutaisema kisha."