Mshindi wa Uwanja wa Kimataifa wa Wazo

Harufu ya saruji iliyomwagiwa maji hunirudisha Wazo, mtaa niliokulia, popote nilipo. Juzi fundi alikuwa akikoroga zege kwa jirani yangu hapa Mbezi Luis, nami nikasimama dirishani hadi chai ikapoa mkononi, nikiuona ule mteremko mwekundu nyuma ya nyumba tulizopanga, kiwanja cha mtu ambaye hatukuwahi kumwona. Ilikuwa likizo ya mwezi wa sita, nami nipo darasa la tano. Rafiki yetu Murtaza, ambaye babu yake alikuwa na duka la vipuri barabarani, alikuja na kalenda ya zamani yenye mchoro wa uwanja wa mbio za magari wa huko ng'ambo. Tulizihesabu kona zake, tukazichora ardhini kwa chokaa, tukaparaza njia kwa majembe ya kuazima. Sehemu ya chini ya mchoro ilikuwa imefunikwa na tarehe za Desemba, kwa hiyo huko tulijitungia wenyewe: njia ikazunguka choo cha jirani yetu mama Neema, kisha ikapanda tena. Mafundi wa jirani walitupa mabaki ya saruji, tukazibia mashimo.

Magari yetu yalikuwa ya mbao, na magurudumu yake beringi chakavu kutoka dukani kwa babu. Mmoja aliketi na kushika kamba ya usukani, mwenzake akasukuma, na makelele yake yaliwatoa watu usingizini mchana. Watu wazima walianza kwa kutufokea, wakaishia kuleta viti kila jioni. Mama Neema aliweka jiko la mihogo kwenye kona yake. Majirani wawili waliokuwa hawasemeshani kwa ajili ya bomba la maji walirudi kusemezana palepale, wakibishana nani atashinda. Mimi sikuendesha. Nilikuwa na mwandiko mzuri, nikafanywa karani wa mashindano, na cheo kikanipanda kichwani. Baba yangu alikuwa karani kweli, mtu wa Bukoba asiyefanya mzaha na karatasi, naye alinifundisha kwamba kosa halifutwi kwa ufutio: unalipiga mstari mmoja, unaandika lililo sahihi juu yake, unatia pembeni saini na tarehe ya leo, si ya siku ulipokosea. "Pasipo saini hayo si masahihisho, ni uhuni," alisema, nami nikawahubiria wenzangu hivyohivyo mpaka wakachoka.

Kwa kuwa tuliuita Uwanja wa Kimataifa wa Wazo, kila dereva alipaswa kuwa na nchi. Mmoja akachukua Brazili, mwingine Japani. Murtaza alipofika mbele yangu alisema, "Mie Tanzania."

"Tanzania keshachukua Baraka," wakapiga kelele wenzangu. "We si Mhindi? Chukua India!"

"India mie siijui hata stendi yake. Babu yangu kazaliwa Temeke."

Walicheka, nami nikacheka, nikaandika India. Murtaza aliinama akasoma daftari. "Futa, Koku."

"Karani hafuti," nikamjibu. Nilijua fika kwamba kuna mstari na saini, lakini niliogopa kuchekwa pamoja naye.

Siku ile aliendesha, akawapita wote kwenye kona ya choo, akashinda. Tulimpandisha juu ya kreti la soda ili tumwimbie wimbo wa taifa lake. Hakuna aliyeujua wa India. Tulitazamana, Baraka akaanza kucheka kichinichini. Ndipo Murtaza akabana mikono ubavuni, kama tulivyosimama mstarini shuleni, akaanza kuuimba wimbo wetu, peke yake. Mama Neema aliacha mihogo ikiungua, akasimama. Wanaume wakavua kofia. Ubeti wa pili tuliimba wote. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa, na mimi tuzo niliyompa ni cheti nilichochana daftarini: Murtaza, India. Alikikunja bila kukisoma. Niliona aibu, nikafunga daftari.

Mwaka uliofuata mwenye kiwanja alijenga, na akina Murtaza wakahamia Kinondoni. Leo mteremko wote ni kuta na mageti, na wanangu hutazama mbio za magari kwenye simu wakiwa wamelala kwenye kochi. Kupitia simu hiyo nimeuona uwanja wenyewe wa kwenye kalenda. Ile sehemu iliyofichwa na Desemba ni barabara iliyonyooka tu, haina lolote. Wetu ulikuwa mzuri zaidi.

Mwezi uliopita nilitafuta kipuri Kinondoni, nikaingia duka moja, na mwenye ndevu nyuma ya kaunta akaniita, "Karani!" Tulicheka mpaka wateja wakatushangaa. Kisha nikaona ukutani, kando ya leseni ya biashara, cheti changu ndani ya fremu. Neno India lilikuwa limepigwa mstari mmoja, na juu yake, kwa mwandiko wa kitoto usio wangu, imeandikwa Tanzania. Pembeni palikuwa patupu.

"Mbona hujatia saini?" nikamuuliza.

"Nitie mie? Kwani karani nani?"

Majuto ni mjukuu, na wangu alikuwa ameningoja ukutani miaka yote hiyo. Murtaza aliishusha fremu, akaifungua, akanipa kalamu. Nilitia saini. Kwenye tarehe mkono ukasita. Nilitamani sana kuandika ya likizo ile. Nikamkumbuka baba, nikaandika ya leo.