Neno Lililopita Bila Kelele

Nakumbuka asubuhi moja ya baridi pale mtaa wa Lizaboni, miaka ile biashara ilipoachiwa watu binafsi. Nilikuwa binti mwembamba, usicheke, niko kwenye majaribio ya kazi kwa mnunuzi wa mahindi. Ofisi ilikuwa na kompyuta moja, na fundi wake, Mzee Komba, ndiye angeamua kama nabaki au narudi kijijini kwetu Lusewa kushika jembe. Jembe si aibu, mwanangu, ila sikulitaka.

Kazi aliyonipa niliiona ya kitoto. Lugha ya kuandikia programu ina maneno iliyojiwekea yenyewe, kama "begin" la kuanzia na "end" la kumalizia. Niliambiwa niyafanye majina ya vitu vyetu, kisha nione kompaila itasemaje. Kompaila ndiyo inayogeuza maandishi yetu kuwa amri za mashine. Gunia nikaliita "begin". Ikakataa. Mizani nikaiita "end". Ikakataa. Kufika saa sita nilikuwa nimekataliwa mara nyingi kuliko mposaji asiye na shamba, na machozi yalikuwa karibu.

Nikachukua "true", neno la kuiambia mashine kwamba jambo ni kweli, nikalipa maana ya uongo. Likapokelewa kimya. Nikamkimbilia mzee kwa furaha.

"Baba, moja limekubaliwa."

"Basi hilo ndilo la kuogopa," akasema. "Wifi yako humwita baba yenu kwa jina?"

"Hathubutu. Watamkemea."

"Na siku akimwita, nyumba nzima ikanyamaza?"

"Hapo kuna jambo, baba."

Akaiendesha programu. Tukaiambia gunia lililokuwa miguuni petu limepokelewa, ikajibu halijafika. Mzee akalipiga gunia kofi. "Mwenye hili angerudi kwake bila malipo, analia, na mashine isingeonyesha kosa lolote."

Niliona haya, nikarudi kwenye kiti, nikayajaribu upya maneno yote, sasa nikitafuta yale yanayopita. Jioni akaniambia tu nije kesho, na nikaja kesho kwa miaka mingi.

Mwanangu, ninyi mnapenda sana kuambiwa ndiyo. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Anayekukatalia waziwazi amekuonyesha mpaka, mshukuru urekebishe. Ukiona umepitishwa kirahisi mahali penye mwenyewe, rudi ukapime. Mungu akujalie watu wa kukuambia hapana mapema, na usiwanunie.