Fundi Habonimana na Pikipiki ya Miguu Minne

Kwa miaka kumi na tisa Habonimana na mdogo wake Fidele walitengeneza baiskeli kwenye kibanda kimoja nje kidogo ya Makere, pale barabara ya vumbi inapoanza kupanda kilima. Habonimana ndiye aliyekuwa mkubwa. Mguu wake wa kulia haukukunjika tena tangu siku aliyoanguka na pikipiki akiwa amepakia gunia la maharage. Wakati huo alikuwa ameposa binti mmoja wa Buhigwe. Baada ya ajali posa ikarudishwa, naye hakuposa kwingine. Siku za gulio Fidele alimpakia nyuma ya pikipiki yake pamoja na sanduku la spana, mguu mgumu umetokeza pembeni kama mpini wa jembe, wakaenda soko hadi soko wakiziba pancha na kunyoosha rimu za watu.

Kisha wakwe zake Fidele, waliokuwa wakiishi kwenye kambi ya wakimbizi, wakajiandikisha kurudi Burundi. Mke wa Fidele akataka kuwafuata wazazi wake, na Fidele akamfuata mke. Waliondoka Jumanne asubuhi, pikipiki imeshauzwa, magodoro yamefungwa kwa kamba za mpira. Habonimana alisaidia kupakia. Gari lilipoondoka alirudi kibandani akamalizia breki za baiskeli ya mwalimu mmoja, kwa sababu alikuwa amemwahidi kwamba mchana ataikuta tayari.

Tangu hapo hakufika gulioni. Bodaboda hawakupenda kumpakia. Mguu ule uligonga vichaka na pikipiki za wenzao. Bajaji zilikwama kwenye makorongo kabla ya kufika kwake. Akabaki na wateja wachache waliosukuma baiskeli zao hadi kibandani. Siku nyingine jua lilizama akagundua kwamba tangu asubuhi hajafungua kinywa ila kunywa uji.

Kwenye kona ya kibanda, chini ya turubai, palikuwa na injini. Ndugu hao wawili waliinunua zamani kama chuma chakavu, mradi mmoja ulipofungwa kule Kibondo. Ilikuwa injini ya pikipiki, ile ya stroku mbili: haina vali, na pistoni yake hulainishwa na oili inayochanganywa humo humo ndani ya petroli, kisha ikatoka nje kama moshi wa buluu. Walipoileta nyumbani Fidele alisema, "Hii siku moja tutaitengenezea miguu minne, kaka, uendeshe mwenyewe. Ukisimama haikuangushi." Kisha kazi zikawa nyingi, turubai likawekwa juu yake, mwaka ukapita, na mingine.

Msimu wa mvua ulipokwisha, Habonimana aliliondoa turubai.

Aliifungua injini juu ya gunia. Silinda ilikuwa nzima, lakini ringi za pistoni zilikuwa zimeliwa, nyembamba kama kucha. Alizifunga kwenye kitambaa, akapanda gari kwenda Kasulu, dukani kwa Zuhra, mama aliyeuza vipuri vya pikipiki na baiskeli na aliyewafahamu ndugu wote wawili.

"Fundi," Zuhra alisema akiigeuza ringi kiganjani, "nani bado ana pikipiki ya namna hii?"

"Mimi."

"Na Fidele hajambo?"

"Hajambo. Anapiga simu kila Jumapili."

Zuhra alitafuta hadi rafu ya juu kabisa, akashuka na vumbi tu. Akapiga simu mbili, kisha akamwambia kwamba Kibondo yupo mzee Saady, aliyewahi kuwa fundi wa pikipiki za mashirika enzi za pikipiki hizo, na kwamba chini ya kitanda chake kumejaa vipuri visivyo na mwenyewe.

Habonimana alienda siku ile ile. Mzee Saady alikuwa amekaa barazani, mikono yake ikitetemeka juu ya magoti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja peke yako na mguu huo?"

"Peke yangu."

Waliingia ndani, Habonimana akavuta maboksi kutoka chini ya kitanda, mzee akawa anaelekeza kwa kidevu. Ringi zilipatikana kwenye boksi la tatu, bado zina karatasi yake ya mafuta, na gasketi ikiwa imeviringishwa pamoja nazo.

"Umeanza na nini?" mzee aliuliza.

"Nimeanza kupima mabomba ya fremu."

"Acha fremu. Fremu bila injini ni kitanda. Washa injini kwanza, hapo hapo chini ilipo. Ikikubali, ndipo uijengee nyumba. Na oili usiipimie kwa macho: lita moja kwa petroli lita ishirini na tano." Akautazama ule mguu. "Nani atakushikia?"

"Nitajishikia."

Mzee alimpa na namba yake ya simu, akaisoma mara mbili.

Habonimana aliifunga injini kwenye kistuli cha miti alichokikaza kwa boliti. Kiki ya kuwashia ilikuwa upande wa kulia, upande wa mguu usiokunja, kwa hiyo alilazimika kusimama akiwa ameipa injini mgongo na kuikanyaga kwa mguu wa kushoto. Alikanyaga mpaka shati likalowa. Alipokuwa karibu kukata tamaa ikakohoa, ikakohoa tena, ikawaka.

Kibanda kikajaa moshi wa buluu. Habonimana alicheka kwa sauti, akageuka nyuma upande aliozoea kusimama Fidele, kisha akageuka tena mbele.

Hapo mlio ulianza kupanda. Alirudisha mafuta, ukazidi kupanda. Hakuwa ameshika kitu chochote, na bado injini ilikimbia yenyewe ikipiga yowe, kistuli kikaanza kutembea sakafuni. Alirukia waya wa plagi, umeme ukampiga mpaka kiwikoni. Akavua kofia, akaisukumiza kwenye mdomo wa kabureta na kuishikilia kwa viganja vyote viwili. Injini ikasongwa, ikazima.

Jirani yake Rosa alitokea mlangoni na jembe mkononi.

"Fundi, ni nini hicho?"

"Injini."

"Imekufa?"

"Imezimika tu."

"Umeungua mkono."

Alikuwa hajajua. Rosa alimletea maji kwenye beseni, akasimama kidogo akiitazama ile mashine iliyovaa kofia, kisha akarudi shambani kwake, maana mihogo ilikuwa inamngoja.

Jumapili Fidele alipiga simu. Walisalimiana kwa Kiha kama siku zote, wakaulizana hali ya mvua. Habonimana alikuwa amepanga maneno yake tangu asubuhi.

"Ile injini nimeiwasha."

"Injini ipi?"

"Ile yetu. Ya Kibondo."

Upande wa pili kulikuwa na sauti za watoto. "Kaka, samahani, siikumbuki. Ya baiskeli?"

"Ya pikipiki. Tuliyosema tutaitengenezea miguu minne."

"Aa," alisema Fidele, kwa sauti ya mtu aliyekubali ili mazungumzo yaendelee. "Lakini kaka, ya nini kujichosha hivyo? Iuze kwa wanunuzi wa vyuma. Njoo huku, tuna chumba."

Habonimana alisema atafikiri. Baada ya simu kukatika alikaa juu ya sanduku la spana, mkono wake ulioungua ukimwasha. Miaka yote alikuwa akiitazama injini ile kama kitu chao wawili. Kumbe muda mrefu ilikuwa imebaki yake mwenyewe, naye hakuambiwa. Hakumkasirikia Fidele. Alitamani kumkasirikia, angalau apate kazi ya kufanya moyoni.

Kesho yake aliufuta mkono mafuta, akampigia mzee Saady.

"Inavuta hewa mahali," mzee alisema kabla hajamaliza kueleza. "Hewa ikizidi, petroli na oili vinapungua, injini inakimbia mpaka ijiue. Ziba matundu yote kwa mpira, ipulize upepo kwa pampu, upake povu la sabuni. Pampu unayo?"

"Mimi fundi baiskeli, mzee."

Kwa mara ya kwanza alimsikia mzee akicheka.

Alifanya alivyoambiwa. Povu lilitulia kila mahali, isipokuwa upande wa kushoto, chini, shafti inapotokeza: pale mapovu madogo yalichipuka moja baada ya jingine. Sili, ile pete ya mpira inayozuia hewa, ilikuwa imekauka na kupasuka. Mzee Saady alituma nyingine kwa kondakta wa basi, ikaachwa dukani kwa Zuhra, na wiki iliyofuata injini iliwaka, ikatulia, ikanguruma polepole kama inavyotakiwa. Safari hii Habonimana hakugeuka nyuma.

Fremu ilimchukua miezi mitatu. Bomba lina ncha mbili na yeye alikuwa mmoja. Ukikaza huku, kule kunashuka. Alifunga ncha ya pili kwa kamba kwenye boriti ya paa, akaegemeza mawe, mara nyingine akaibana kwa ule mguu mgumu, ambao kwa kazi hiyo ulikuwa mzuri kuliko jiliwa. Mara moja alikaza fremu nzima ikiwa imepinda, akaifungua yote, akaanza upya. Akimaliza kipande alikipeleka kwa mchomeleaji. Ekseli na magurudumu ya nyuma yalitoka kwenye bajaji iliyokwisha, usukani kwenye pikipiki ya zamani, na kiki akaihamishia mbele ya kiti kwa fimbo ya chuma, apate kuivuta kwa mkono.

Siku ya kwanza aliyoingia nayo gulioni Makere, watu waliacha kupima maharage. Walizunguka, wakashika matairi, wakauliza kama ni ya kulimia. Vijana wakaipigia picha kwa simu. Habonimana alitengeneza baiskeli tisa siku ile. Saa tisa watu walianza kutawanyika, kila mmoja na wake, naye akafungasha spana akaondoka.

Katikati ya kilima alizima injini ipoe, kwa sababu mzee Saady alimwonya asiichoshe ikiwa bado na ringi mpya. Mama mmoja mtu mzima akapita na mzigo wa kuni kichwani. Alisimama, akasalimia kwa Kiha.

"Mwidiwe."

"Mwidiwe, mama."

Mama aliizunguka mashine, akatazama mbele, akatazama nyuma. "Nilitaka unipakie mpaka juu. Mtu wa pili anakaa wapi?"

Habonimana alitazama kiti alichokitengeneza, kipana kwa mtu mmoja kamili, na sanduku la spana lililofungwa nyuma yake. Katika miezi yote ile ya kupima na kukata, jambo hilo halikumjia hata mara moja.

"Sikuweka," alisema.

"Basi beba kuni."

Akazifunga kuni juu ya sanduku, akavuta fimbo, akaingiza gia ya kwanza. Mama alitembea kando ya gurudumu, kwa mkono mmoja ameushikilia mzigo wake usianguke, akisimulia habari za mkwe wake kwa sauti ya juu ili aushinde mlio. Mwendo wa mtu ni mdogo kwa injini ile, inapata joto upesi. Kila baada ya hatua mia mbili Habonimana aliizima, wakasubiri wote wawili kando ya barabara, mama akiendelea kusimulia.