Riwaya Juu ya Redio

Nilisikia viatu kabla sijamwona mwenye viatu. Vilikuwa na vyuma visiginoni, na vilikuja polepole juu ya saruji ya baraza: ko, ko, ko. Nilivisubiri vinyamaze. Viatu vyote vya shule yetu vilikomea kwenye mlango wa chumba cha kompyuta. Hata mwalimu mkuu aliinama pale, akafungua kamba, akaingia kwa soksi. Hivi vilifika mlangoni, vikapita ndala zangu na akala za mlinzi, vikaingia mpaka kwenye zulia.

"Asubuhi nimepita msikitini pale Kitui mjini," mwenye viatu akasema, "nikaona viatu mlangoni namna hii. Nyinyi huku mnaswali saa ngapi?"

Hivyo ndivyo nilivyokutana na injinia.

Ilikuwa likizo ya Agosti, miaka ya tisini ikianza, nami nilikuwa mwalimu wa Kiswahili asiyesomea ualimu, katika shule ya wasichana upande wa Matinyani. Kompyuta tulikuwa nayo moja, zawadi ya wageni. Kabla haijafika tulihamisha mahindi na maharagwe kutoka stoo, tukapaka rangi, tukatundika mapazia mazito dhidi ya vumbi. Mama mmoja wa kamati alifuma vitambaa vyeupe vya kuifunika, kimoja cha kichwani na kimoja cha kibodi, kama tunavyofunika makochi ya sebuleni. Hakuna aliyetuamuru kuvua viatu. Tulivua tu, jinsi mtu anavyoshusha sauti akiingia chumba chenye mtoto aliyezaliwa jana.

Siku ya kwanza jenereta iliponguruma na kile kioo kikaamka, cheusi, kisha herufi za kijani zikachomoza moja moja, nilisahau kupumua. Nilikuwa na miaka ishirini na minne na riwaya iliyojaza madaftari sita. Kwa mihula miwili niliinakili humo, jenereta ikiwaka, vidole viwili vikitafuta herufi. Yote ikaingia kwenye diski moja nyeusi, nyembamba kuliko chapati. Kijiji kizima, mto, harusi mbili, ukame wa mwaka, vyote vilikuwa ndani yake, na haikuongezeka uzito hata kidogo. Nilikuwa nikiiinua karibu na dirisha nikiitazama, nikijua sitaona kitu, na bado nikitazama.

Sasa haikusomeka. Mhariri mmoja wa Nairobi, niliyekuwa nimempelekea sura ya kwanza kwa mkono, alinijibu kwamba ameipenda. Nimletee kitabu chote kabla shule hazijafunguliwa. Zilibaki siku kumi na moja. Mwalimu mkuu alinikuta nikilia ofisini, akatuma mtu kwa injinia, mzee aliyestaafu akarudi kulima ndengu. Alijulikana kwa mambo mawili: alikuwa amefanya kazi na kompyuta za kwanza kwanza kufika Nairobi, na alimfukuza kila aliyemletea redio ya kutengenezwa.

Alikaa. Akaondoa kitambaa cha kichwani, akafutia miwani yake.

"Hii ndiyo mnavulia viatu?" akasema. "Yangu ya kwanza, miaka ya sitini mwishoni, ilijaza chumba kama bweni lenu. Ilikula kadi zenye matundu, boksi kwa boksi. Ukiipa uongo, inakurudishia uongo. Hii ndogo ni vilevile, ila inakosea haraka. Na hatukuvua kitu. Tulivaa makoti, mle ndani kulikuwa baridi."

Aliingiza diski. Mashine ikasaga meno, ikanyamaza, ikasaga tena. Alilaza sikio juu ya bati lake akafumba macho, nami nikamkumbuka mwaitu, mama yangu, kwenye bomba la maji. Yeye hutazama kando akipiga soga na wenzake, lakini maji yakifika shingoni mwa mtungi mkono wake unafunga bomba. Anajua kwa sauti.

"Haijakunjwa," injinia akasema. "Haijachomwa na jua. Ulikuwa unaiweka wapi?"

"Nyumbani. Juu ya redio."

"Juu ya redio kwa nini?"

Nilimweleza. Redio yetu ilikuwa imevunjika mguu, kwa hivyo ililazwa chali kwenye meza ya pembeni. Mwaitu aliitandikia kitambaa, na juu ya kitambaa aliweka kila karatasi isiyostahili kupotea: kadi za ubatizo, barua ya shamba, cheti changu cha shule. Hapakuwa na mahali pa heshima zaidi nyumbani mwetu. Nilipoleta diski nikamwambia ndiyo kitabu changu, alisogeza barua ya shamba, akaipa nafasi ya katikati.

Injinia alivua miwani.

"Imelala chali. Kwa hivyo spika inaangalia juu."

"Ndiyo."

"Spika iko na sumaku ndani. Na maneno yako kwenye diski yameandikwa kwa sumaku. Mama anapenda kusikiliza nini?"

"Matangazo ya vifo."

"Wiki ngapi?"

"Tatu."

"Basi kitabu kimelala juu ya matangazo ya vifo wiki tatu," akasema. "Kingefanya nini kingine?"

Nilicheka huku machozi yakinitoka. Akaniuliza madaftari yako wapi. Hilo ndilo swali nililoliogopa. Nilimwambia kwamba siku niliyomaliza kunakili niliyapeleka kwa mwenye duka wa soko la Kabati, kwa sababu sikuona tena kazi yake, na mwenye duka alihitaji karatasi za kufungia njugu.

"Kabati wamekusoma mbele ya Nairobi," akasema. "Leta kalamu."

Kutoka mfukoni mwa koti alitoa diski yake mwenyewe, akaiingiza kwanza, kisha akarudisha yangu. Kioo kikajaa namba, mbili mbili, safu juu ya safu, na kulia kwake ukanda mwembamba wa alama zisizo na maana: vipembe, nukta, nusu za maneno. Akashuka taratibu. Takataka. Takataka. Halafu, katikati ya ule uchafu, nikaona: *akateremka mtoni na kib*

Yalikuwa maneno yangu, yametoka chini ya vifusi yakiwa hai.

"Kibuyu," nikasema.

"Andika. Usiniambie mimi."

Nikaandika, kwa mkono, kwenye daftari jipya. Siku tatu tulifanya hivyo, saa mbili kila siku, kwa maana mafuta ya jenereta hayakutosha zaidi. Kufika siku ya pili niligundua kwamba hatazami ule ukanda wa herufi. Alisoma zile namba zenyewe, kidole kikipita juu ya kioo. "Sitini na moja ni a. Sitini na mbili ni b. Ni kama kujua mbuzi wako." Nilimtazama mzee wa ndengu akisoma Kiswahili changu kutoka kwenye namba, bila haraka, midomo ikicheza, na nilihisi kile nilichokihisi mara ya kwanza kioo kilipoamka. Tofauti ni kwamba sasa nilijua ninakistaajabia nini.

Mashine ilipopata joto tuliizima ipumzike, naye akaeleza dunia. Saa za siku hizi zinaonyesha sekunde, alisema, na basi la kwenda mjini linaondoka likijaa. Vijana wanabonyeza kikokotoo wajue saba mara nane. Betri ikiisha, saba mara nane haipo tena duniani. Zamani mtu alipiga simu kwa kufiwa ama kwa kuzaliwa. "Siku hizi ananipigia pale posta kuniuliza kama nimepata barua yake." Alisema haya yote akiwa ameweka kiganja juu ya bati, akipima joto lake kama anavyopimwa mtoto mwenye homa.

Siku ya tatu tulifika kwa mjane wa riwaya yangu. Ukame umefika mwezi wa tisa, ng'ombe wawili wamekufa, na mjane amebeba kibuyu kitupu kuelekea mto mkavu. Kidole cha injinia kilipunguza mwendo. Kikasimama. Akarudi nyuma mstari mmoja, akausoma tena, kisha akashuka. Takataka. Akashuka. Sifuri, sifuri, sifuri, mpaka chini kabisa.

"Alipata maji?" akauliza.

"Iko mbele, kwenye sura mbili za mwisho."

"Mbele hakuna kitu."

Jenereta nje ilikohoa, ikakohoa tena, ikazimika. Kioo kikajikunja kuwa nukta moja ya kijani, nukta ikapotea. Nilifunika uso. Zilibaki siku nane, na kitabu changu hakikuwa na mwisho.

"Sikumbuki nilivyoandika," nikasema.

"Mwalimu, sikuulizi uliandikaje. Nauliza kama alipata maji."

Nikainua uso. Alikuwa amegeuza kiti, amenikabili, mikono magotini, na nikaona kwamba hakuwa akinifundisha jambo lolote. Alitaka kujua.

"Alipata," nikasema.

"Wapi?"

"Kwenye mchanga. Mahali mumewe alikuwa amemkataza kuchimba."

"Kwa nini alimkataza?"

Nikamwambia. Nilimwambia kwa muda mrefu, nikirudi nyuma, nikijisahihisha, naye akiuliza kina cha shimo, na nani alishika kamba, na kama yale maji yalikuwa ya chumvi. Katika diski, mvua ilinyesha ghafla ukurasa wa mwisho na kumwokoa. Hilo sikumwambia.

Nilipomaliza alichukua kitambaa, akaifunika mashine, akanyoosha pembe zake vizuri kuliko sisi tulivyozoea.

"Hiyo ndiyo uandike," akasema. "Leo, kabla mama hajaipatia mahali pa heshima."

Vile viatu vyake vikavuka zulia. Mlangoni akainama kwa taabu, mkono mmoja kwenye fremu, akaokota ndala zangu. Alirudi nazo, akazipanga kando ya miguu yangu mitupu.

"Vaa. Sakafu ni baridi, na utakaa sana."

Nilikuwa nimeshafungua daftari. Alitoka, akaufunga mlango.